Tuligombana juu ya kashene, vumbi ikabaki

Ndugu wafanyakazi, na ninyi bamama wenye munabakiaka ku nyumba na watoto wakati wa zamu ya usiku, mutusamehe kama leo tunarudilia maneno ya zamani. Tuko na sababu.

Juma lililopita, mu grupu ya WhatsApp ya wafanyakazi wa kompani moja ya hapa kwetu, mutu alirudisha ile audio ya mwaka wa 2020. Munaijua. Ni sauti ya mwanaume mwenye anasema yeye ni munganga, bila kusema jina, bila kusema lopitalo, na anaeleza kwamba mutu mwenye kuvaa kashene anavuta tena hewa yenye aliisha kutoa, mpaka damu inachafuka na anaanguka. Saa moja haikupita, matusi ikaanza sawa vile miaka ile. Wamoja wakasema corona ilikuwa bongo ya wakubwa. Wengine wakajibu: bongo yako ndiyo iliua watu. Mutu mumoja akamutosha mwenzake mu grupu, mwenzake akafungua grupu ingine, na leo wafanyakazi wa konkasere moja wako mu grupu mbili zenye hazisalimiane.

Siku mbili mbele ya ile audio, delege wa zamu alikuwa ameuliza mu grupu ile ile swali fupi: ku konkasere munapewa maski ngapi za vumbi kwa juma? Hakuna mutu alimujibu. Audio ilipata majibu zaidi ya mia mbili.

Sisi watu wa sendika hatukusomea udaktari. Wengi wetu tulimaliza sekondari, wengine hata hatukuimaliza, tukaingia ku kazi. Lakini maski tulizijua mbele ya corona. Tunajua ile ya karatasi nzito yenye lastiki mbili, moja inapita juu ya masikio, ingine nyuma ya shingo. Tunajua ile yenye iko na kifuniko kidogo cha plastiki mbele ya mudomo, chenye kinafunguka ukitoa pumzi. Tunajua ile ya mupira yenye vikopo viwili ku mashavu, yenye wakubwa wa laboratware wanavaa na sisi tunaitazamaka kwa mbali. Tunajua pia namna mutu anapewa maski moja ya karatasi siku ya kwanza, siku ya tatu inageuka nyeusi, anaipiga-piga ku mukono ili vumbi itoke, siku ya tano anaifua na sabuni mu bafu. Ukiifua, imekufa. Ile karatasi inakamata vumbi sababu iko na nguvu ndogo ya umeme ndani yake, na maji na sabuni inaiondoa ile nguvu. Unabaki na kitambaa cha kufunika aibu.

Na ku maski za kweli, tazama herufi. Kama imeandikwa FFP2 ao FFP3, na kisha NR, maana yake ni ya zamu moja, basi. Haikutengenezwa kwa juma nzima. Tangu tuko ku kazi hatukuona hata mukubwa mumoja mwenye alitueleza zile herufi mbili.

Sasa turudi nyuma kidogo, juu vijana wenye waliingia ku kazi mwaka huu walikuwa ku masomo wakati ule. Tarehe 10 mwezi wa 3 mwaka wa 2020 Leta ilitangaza mugonjwa wa kwanza kule Kinshasa. Tarehe 24, Raisi Tshisekedi akatangaza hali ya dharura mu inchi yote. Kwetu Lubumbashi tulikuwa tumeisha kufungwa: siku mbili, tarehe 23 na 24, juu ya abiria wawili wenye walitoka Kinshasa na ndeke na wenye walizaniwa kuwa na virusi. Soko zikafungwa, watu wakalala njaa. Kisha vipimo vya Kinshasa vikaonyesha kama hawana kitu. Tunakumbuka vile mama mumoja mwenye anauzisha makala alituambia: "Banatufunga siku mbili juu ya batu babili benye habagonjwe, na kesho banataka tubaamini?" Tulikosa cha kumujibu, na leo pia tunaona alikuwa na haki ya kuuliza.

Juma ingine ikaleta makubwa kuliko ile. Tarehe 1 mwezi wa 4, ku televizyo LCI kule Ufaransa, munganga mumoja na mutafiti mumoja walizungumuza juu ya kujaribu chanjo ya BCG, ile ya kifua kikuu, ili waone kama inasaidia kwa corona. Munganga akauliza kama hawangefanya majaribio Afrika, kwenye hakuna maski, hakuna dawa. Siku mbili kisha, Profesa Muyembe, mwenye aliongoza kazi ya kupiganisha ugonjwa mu inchi yetu, akasema Congo iko tayari kwa majaribio ya chanjo. Ilimuomba kisha aeleze kama majaribio haingeanzia kwetu. Lakini nani alisikiliza maelezo? Video ya kwanza ilikuwa imeisha kufika mu kila telefone ya Likasi, Kolwezi na Kasumbalesa, na mu safari watu waliongeza chumvi: sasa ilikuwa ni maski zenyewe ndizo zina virusi, zimepakwa kule zilikotoka.

Madereva wa makamio wenye wanapita Tunduma na Nakonde walituletea zao. Mu mwezi wa 5 Raisi Magufuli wa Tanzania alisema kama walipeleka ku laboratware paipai na mbuzi, na laboratware ikasema ziko na corona. Mumoja wetu alicheka mpaka machozi. Mwenye alicheka namna ile hakuvaa tena kashene tangu siku ile, na hakuwa peke yake.

Na wakubwa wa afya wa dunia nao hawakutusaidia. Mwezi wa 3 Shirika la Afya Ulimwenguni lilikuwa linasema mutu muzima hana lazima ya maski, iachiwe wagonjwa na wenye kuwatunza. Tarehe 5 mwezi wa 6 likageuka, likaomba serikali zishauri watu kuvaa maski za kitambaa kwenye ugonjwa unaenea. Kule Ufaransa serikali ilisema mwanzoni kama maski haina faida kwa kila mutu. Tangu tarehe 11 mwezi wa 5 ikawa lazima ndani ya bisi na treni. Marekani ni vile vile: mwezi wa 2 mukubwa wa afya anaambia watu waache kununua maski, mwezi wa 4 wanaambiwa wazivae.

Kulikuwa sababu. Maski zilikuwa hazitoshi na waganga walikuwa wanazikosa. Tena kisha iligunduliwa kama mutu asiyekohoa, asiye na homa, anaweza kumuambukiza mwenzake. Wangesema tu hivi: ni chache, tuachie waganga kwanza, ninyi mushone za kitambaa. Sisi wa mugoti tungeelewa mara moja. Kitu kichache namna kinagawanywa, tunakijua tangu wakati wa posho. Walichagua kusema haina faida, na siku walipogeuka, bongo ya munganga asiye na jina ilikuwa na uzito sawa na neno lao.

Hapo sasa tufike ku kazi.

Mu mwezi wa 3 na wa 4 makompani mingi ya Haut-Katanga na Lualaba yalifunga milango, wafanyakazi wakiwa ndani. Bei ya shaba ilikuwa imeshuka chini ya dola 5000 kwa tani, lakini mashine hazikusimama. Mu kompani yenye tunazungumuzia, tuliambiwa asubuhi: mwenye atabaki anabaki, mwenye atatoka hatujui kama atarudi. Karatasi ya kusaini ilikuwa tayari. Tulisaini na mafuta ya mukate ku vidole. Tulizani ni majuma mawili. Ilipita miezi miwili na zaidi. Tulilala sita-sita mu kontenere moja, vitanda vya juu na vya chini, na mukubwa wa usalama alikuwa anapita na kipaza sauti anatuambia tukae mbali metre moja na nusu, mutu na mwenzake. Metre moja na nusu ndani ya kontenere! Mu mwezi wa 6 mashirika ya haki za binadamu, ya hapa Congo na ya inje, yaliandikia makompani barua ya wazi juu ya watu wenye kufungiwa hivyo. Tunawashukuru. Sisi wenyewe wakati ule hatukukuwa na nguvu ya kuandika kitu.

Usiku, tulikuwa na telefone tu. Bibi anaandika: mutoto ana homa, sina franga ya dawa, na ninyi mutatoka lini? Unajibu sijui. Kisha unaingia mu grupu, unakuta audio. Mutu mwenye amefungwa, mwenye hajui siku ya kutoka, mwenye anaambiwa kila asubuhi afunike mudomo, ukimuletea sauti yenye inasema yote ni mupango wa kumuua, ataamini. Na ile maski alipewa na nani? Na kompani ile ile yenye kwa miaka ilikuwa inahesabu maski za vumbi moja-moja sawa feza, na sasa ghafula makarto mazima iko ku mulango. "Tangu lini banatupenda?" Hiyo ndiyo ilikuwa neno la watu, na ilikuwa na maana kuliko audio zote.

Tunapashwa kusema na yetu. Ile audio ya munganga asiye na jina, mumoja wa madelege wetu aliipeleka mu grupu tatu. Aliweka chini yake: "Wandugu, musikilize kabla ya kuvaa." Hakuipima, hakuuliza mutu. Sisi wengine tuliiona, tukanyamaza, juu tulikuwa na kasirani na kompani na ilitufurahisha kuona watu wanaikatalia kitu. Hatukuwaza mbele zaidi ya pale.

Kulikuwa muzee mumoja ku kipe yetu, mwenye aliisha kupita miaka makumi mbili na kitu mu vumbi. Alikuwa anapanda ngazi ya konkasere na kusimama mara mbili kupumua. Yule muzee aliikubali audio yote. Alikuwa anasema: mapafu yangu iliisha kuwa ndogo, sasa munataka muizibe? Mu mwezi wa 12, wakati Leta iliweka amri ya kutotembea usiku tangu tarehe 18, ugonjwa ulirudi na nguvu. Alianguka mu mwezi wa 1. Hakupimwa. Ku karatasi waliandika shida ya kupumua. Kule matanga delege wetu, yule wa audio, alikaa inje karibu na moto usiku muzima, hakuingia mu nyumba.

Hatusemi kashene ingemuokoa. Alikuwa anapanda bisi ya kompani kila siku na watu makumi tano, madirisha yamefungwa juu ya vumbi ya barabara. Tunasema tu: alikuwa na swali la kweli, mapafu yangu ni ndogo nifanye nini, na sisi wa sendika hatukumupeleka kwa munganga mwenye jina.

Lakini ile yenye ilitupita kabisa, na tunataka muisome polepole, ni hii. Mu mwezi wa 5 mwaka wa 2020 maski za vumbi zilikosekana mu dunia yote, sababu kila lopitalo ilikuwa inazitafuta. Ku magazini ya kompani zikaisha. Basi ku konkasere wakaanza kutugawia maski za kitambaa, za kikwembe, zenye mafundi wa muji walikuwa wanashona. Muzuri kwa macho, kweli. Na mu grupu tukagawanyika: mwenye aliivaa, alikuwa mutu wa akili ao mutumwa wa wazungu, inategemea unauliza nani, mwenye aliikataa, alikuwa mujinga ao mwanaume wa kweli. Majuma mazima tuligombana hivyo.

Hakuna mutu aliuliza kama kile kitambaa kinazuia vumbi ya mawe. Hakizuie. Kitambaa kinazuia mate yako yasiruke ku mwenzako, ndiyo kazi yake. Vumbi yenye inaua ni ile yenye jicho haione, inapita mu nyuzi na mu mashavu sawa vile moshi. Na kinyume chake: ile maski ya vumbi yenye kifuniko mbele inakulinda wewe juu ya vumbi, lakini pumzi yako inatoka yote kwa kile kifuniko, mwenzako anaipata. Ile ya waganga, ya rangi ya bluu, inaacha nafasi pembeni ya mashavu. Ni vitu vitatu, kazi tatu. Mu audio, mu matusi, na mu matangazo ya Leta vile vile, vyote viliitwa jina moja: kashene. Kompani ikapata nafasi ya kutoa moja pa nafasi ya ingine, na sisi tukaisaidia na kelele yetu. Tulipumua mawe na kikwembe ku mudomo kwa miezi, tukizani tunapigania uhuru.

Na haikuishia pale. Wakati masharti ya corona iliondolewa, maski zote ziliondoka nayo. Ukienda leo ku dirisha la magazini kuomba ya vumbi, kijana wa pale anakujibu: "Corona iliisha, papa." Anacheka, na wenye wako mu mulolongo nyuma yako wanacheka pia. Ku kipe za vijana, mwenye kuvaa anaulizwa kama yuko mugonjwa. Tulimukuta kijana mumoja wa miaka makumi mbili na miwili akiendesha mashine ya kutoboa mawe, maski yake mupya inaninginia ku shingo. Tulimuuliza kwa nini. Akatuchezesha audio. Ile ile! Alikuwa mutoto wa masomo wakati ilitengenezwa, na sasa inamuambia amezé vumbi ya leo.

Tumujibu, juu ni mutoto wetu. Hewa yenye unatoa haibaki mu maski. Inapita mu karatasi na inatoka, na mupya inaingia kwa njia ile ile. Kama haingepita, ungejua mu dakika moja, haungengoja audio. Waganga wa kupasua wanavaa yao masaa na masaa, wakiwa wamesimama. Lakini kijana hasemi bongo kabisa. Kuvuta pumzi mu maski ya vumbi ni nguvu zaidi, na ukiwa unafanya kazi ya mwili, joto kali, jasho inaingia, moyo unapiga, mutu anachoka haraka. Hiyo ni kweli na kila mutu wa kutoboa anaijua. Dawa yake ni mapumziko, maji ya kunywa, na maski mupya pa nafasi ya ile yenye imejaa. Kwa hiyo wakati mufanyakazi anasema "kashene inaniua", delege asimupeleke somo. Amuulize: ulipumzika saa ngapi? Uliipata siku gani?

Juu ya vumbi yenyewe tutasema kidogo, wazee wanaijua. Mawe yetu iko na ndani yake ile jiwe nyeupe ya kungaa, na vumbi yake ikifika chini ya mapafu haitoke tena. Inaacha makovu. Unaweza kupita miaka kumi na zaidi bila kusikia kitu, kisha siku moja ngazi inakushinda. Hakuna dawa yenye inaondoa yale makovu. Na mapafu yenye makovu, kifua kikuu inaipenda. Hiyo ndiyo sababu mu makambi ya zamani ya mugoti, kikohozi cha damu kilikuwa kinafika mu nyumba moja kwa ingine na watu wakasema ni kulogwa.

Tena maski ni ukuta wa mwisho. Mbele yake kunapashwa kuwa maji: kutoboa na maji, kunyunyizia mawe mbele ya kuponda, kumwangia barabara. Kunapashwa kuwa hewa yenye kuvutwa na mashine, na kabini zenye kufunga muzuri. Kompani yenye inakupa maski na kuacha mabomba ya maji yakauke, imekupa mwavuli ndani ya muto. Sheria ya kazi ya tarehe 16 mwezi wa 10 mwaka wa 2002 inaweka afya na usalama wa mufanyakazi ku mabega ya mwenye kumuajiri. Haisemi mufanyakazi akanunue ku soko. Na tunajua wangapi wenu munanunuaka ku soko, pembeni ya vifaa vya telefone, zile za bluu, munavaa mbili-mbili.

Kwa bamama: ile nguo ya kazi yenye bwana analeta ku nyumba, musiipige ku ukuta mbele ya watoto ili vumbi itoke. Muiloweshe kwanza. Na hii pia tunaipeleka kwa kompani, juu kufua nguo ya vumbi ingepashwa kufanywa ku kazi, si mu bafu yenye mutoto anaogeshwa. Juu ya ndugu zetu wanaochimba kwa mikono, na bamama wenye kuosha mawe kule mu mito, wale hawakupewa hata ile ya kikwembe. Hawana magazini, hawana dirisha la kuulizia. Siku tutaandika juu yao tutaandika juu yao peke yao.

Mu mwezi wa 5 mwaka wa 2021, bei ya shaba ilipita dola 10000 kwa tani. Ilikuwa mara mbili ya siku zile tulisaini karatasi na mafuta ya mukate ku vidole. Sisi tulikuwa bado tunatumiana video za paipai.

Mwaka huu mapatano ya wafanyakazi wote na kompani inafunguliwa tena. Tunataka kuingiza ndani yake maski ya vumbi kwa kila zamu, si kwa kila juma. Mapumziko yenye kuandikwa ku karatasi kwa wenye kufanya kazi na maski. Picha ya mapafu kila mwaka, na matokeo yake mufanyakazi apewe mu mukono wake mwenyewe. Na maji ku konkasere, maji mbele ya yote. Wakubwa watatuuliza hesabu. Watasema: sisi tunatoa za kutosha, tazama karatasi zetu za magazini. Na sisi hatutakuwa na kitu cha kuweka ku meza, kama mu grupu munajibu audio na hamujibu delege.

Delege wetu yule wa zamani, wa audio, ndiye aliandika lile swali. Aliisha kulirudilia mara tatu. Anapita tangu siku ya kwanza ya juma ku zamu zote tatu na kayee ya masomo ya mutoto wake, na atapita mu grupu zote mbili pia, zenye hazisalimiane. Musimutumie video, musimuambie kama corona ilikuwa kweli ao bongo. Mumuletee ile maski yenye muko nayo, hata kama ni nyeusi, pamoja na karatasi yake kama iko, aone herufi. Mumuambie mulipewa siku gani, na kabla ya ile, ingine mulipewa siku gani. Mwenye hajapewa tangu mwaka uanze, aandike sifuri na nambari ya kazi yake.